Mizani ya dola 12 iliyonirudisha Kisumu bila faini

Mizani yenyewe, ya kupimia masanduku ya safari, ni fupi kuliko mwiko wa ugali. Ina mshikio wa plastiki ya kijivu uliopinda kama pete, kidirisha cha tarakimu, vitufe viwili, na mkanda mweusi unaoishia kwa ndoano ya chuma. Haina jina la kampuni. Imeandikwa tu kwamba inabeba hadi kilo 50. Binti yangu aliiagiza mtandaoni kwa dola 12, wiki mbili kabla sijaondoka kwake Minnesota, Marekani, ikaletwa mlangoni ndani ya bahasha kama barua ya posta. Tangu nirudi, majirani watatu wameniuliza kama ni kitu cha maana au ni mchezo wa watoto. Nimechoka kueleza mmoja mmoja langoni, kwa hivyo naandika mara moja.

Niliondoka hapa mwanzoni mwa Juni. Binti alikuwa amejifungua, na kina mama wa huku wanaijua safari hiyo: unakwenda na unga wa wimbi na leso mbili mpya, unaogesha mtoto, unampikia mzazi uji, unakaa miezi mitatu, halafu unarudi umebebeshwa vitu vya ukoo mzima. Kwenda hakuna taabu. Nilipimiwa sanduku pale Kibuye kwa muuza nafaka, kwenye mizani yake ya magunia, nikaondoka. Taabu ni kurudi.

Kiangazi cha kule hakiishi upesi. Mwezi wa Juni jua lilikuwa likizama saa tatu usiku, nikawa natundika leso dirishani ili akili ikubali kwamba ni wakati wa kulala. Na kila Jumamosi watu wa Brooklyn Park, alikokaa binti, hutandaza vitu vyao mbele ya nyumba wakaviuza kwa bei ya kutupa: viatu vilivyovaliwa mara moja, sufuria, makoti, vitabu vya watoto. Mimi nimefundisha Kiswahili na Dini miaka 31. Nitapitaje mahali penye vitabu vya watoto kwa robo dola kimoja? Kufikia mwisho wa Agosti, jua lilipoanza kuzama saa mbili na mkwe wangu kuanza kuzungumzia theluji, chumba nilicholala kilikuwa kama banda la mtumba siku ya kufungua mzigo.

Ndege ilituruhusu masanduku mawili, kila moja kilo 23. Likizidi, dola 100 kwa sanduku, karibu shilingi 13,000. Hiyo ni mbolea ya shamba langu lote la Kakamega na nauli ya kuipeleka.

Sasa inavyofanya kazi. Unapitisha mkanda kwenye mshikio wa sanduku, unafunga ndoano, unabonyeza kitufe, unasubiri sifuri, unainua. Tarakimu zinarukaruka, zinatulia, mizani inalia pii, na namba inabaki kidirishani hata ukishaliweka sanduku chini. Hilo la namba kubaki ndilo lililonifanya niipende. Mtu wa miaka 63 akiinua kilo 23 kwa mkono mmoja huwa hana macho ya kusoma chochote.

Lakini mkono usipotulia, namba nayo haitulii. Sanduku lile lile nilipata 23.9, nikapata 22.6, nikapata 24.1. Mkwe wangu, kijana wa mazoezi, akainua akapata 23.3, na kwa dakika chache tulikuwa karibu kukosana kuhusu nani anasema kweli. Kijikaratasi kilichokuja nayo kinasema inua taratibu, basi. Dawa tuliipata wenyewe, nayo ni mpini wa ufagio. Unaupitisha ndani ya mshikio wa mizani, mmoja anashika huku, mwingine kule, mnainuka pamoja kama wanaobeba mgonjwa. Sanduku linaning'inia bila kuyumba. Mara tatu mfululizo namba ikawa ileile. Tangu siku hiyo sijapima kitu kizito kwa mkono, na anayeilaumu mizani hii kwamba ni mwongo namuuliza kwanza kama ana ufagio.

Usiku wa mwisho ulikuwa wa kutoa, si wa kutia. Binti amekaa kitandani ananyonyesha, mimi na mkwe tuko sakafuni. Sanduku la bluu likasoma 25.1.

"Toa vitabu," akasema binti.

Nikatoa viatu vya binamu yake.

"Mama, hivyo viatu vina mwenyewe. Vitabu ni vya nani?"

Nikamwambia ni vya watoto ambao bado sijawajua majina, ila wapo. Akatikisa kichwa, lakini vitabu vikabaki. Kilichotoka ni mashine ya kukandia unga niliyoinunua barabarani kwa dola 5, ambayo nilikuwa nimeificha kati ya mataulo. Mkwe aliigeuza chini juu, akanionyesha kibati chake: volti 120.

"Mama, kwetu nyumbani umeme ni 240. Ukiichomeka itajikaanga yenyewe kabla ya mandazi."

Tukaitundika kwenye ndoano: kilo 4.6. Nikaiacha papo hapo. Viatu vikarudi, pamoja na sufuria moja, na bado sanduku likashuka hadi 22.9. Lile jeusi tulikuwa tumelimaliza mapema, likasoma 22.50 kamili, nikalitia kufuli.

Kitu cha mwisho kupimwa kule hakikuwa sanduku. Nyinyi mnakumbuka kliniki zetu: mtoto anavishwa kile kisuruali cha kitambaa, anatundikwa chini ya mizani ya duara, analia, muuguzi anasoma anaandika kitabuni. Nilikunja leso mara mbili, nikafunga pembe zake nne, nikamlaza mjukuu ndani, nikamning'iniza kitandani, shibiri moja juu ya godoro, mkono wangu mmoja ukiwa chini yake.

"Mama! Mtoto si omena!"

"Na wewe ulipimwa hivi hivi."

Hakulia hata kidogo. Kilo 5.60. Mkwe akasema maelezo ya mizani hayasemi lolote kuhusu watoto. Nikamwambia hayakatazi pia. Nilimtoa kwenye leso nikampa mama yake, na ile namba ikabaki kidirishani. Sikuizima. Huwa inajizima yenyewe baada ya kama dakika mbili.

Kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis ndipo nilipojua kosa nililokuwa nimefanya. Hawa watu huandika kilo 23 na pauni 50 kwenye mstari mmoja kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Pauni 50 ni kilo 22.68, na mizani ya kaunta ilikuwa inasoma pauni. Sanduku langu la bluu, ambalo nililala nikijua liko ndani ya mpaka, likasoma 50.5. Yule dada wa kaunta akaitazama namba, akanitazama mimi na leso yangu kiunoni, akabandika lebo. Siku nyingine angekuwa mwingine. Lile jeusi likasoma 49.6. Nilizigeuza hesabu hizo kwenye karatasi nikisubiri ndege, nikakuta mizani yao ya maelfu ya dola na yangu ya dola 12 zimekubaliana kwa masanduku yote mawili. Kwa hiyo ukipima kwa kilo, lenga 22.5, usipite. Au bonyeza kitufe cha pili upime kwa pauni kama wao, ambalo ndilo ningelifanya kama ningekisoma kile kijikaratasi hadi mwisho.

Amsterdam nilipita kama mtu anayetembea usingizini. Nairobi nililala kwa dada yangu, na asubuhi nikashika basi la Kisumu.

Makanga alilitazama sanduku la bluu kama mnunuzi anavyotazama ng'ombe mnadani. "Hii ni kilo hamsini, mathe. Hizi mbili, mia tano tano."

Nikatoa mizani mkobani. Ufagio sina, lakini abiria mmoja alijitolea, makanga mwenyewe akashika upande wa pili wa kipande cha bomba walichokuwa nacho kwenye buti. Akasoma mwenyewe kwa sauti: "Ishirini na mbili nukta nane." Watu wakacheka. Akajikuna shingo.

"Wewe ni mwalimu, sivyo?"

"Nilikuwa."

"Basi sikiliza, mwalimu. Ndege inapima kilo. Sisi tunapima nafasi."

Nililipa mia nane. Kwa hivyo kwa wasafiri wa basi nasema wazi kwamba mizani hii haitakuokoa kwa makanga. Itamtia haya kidogo, na haya hiyo bei yake ni shilingi 200.

Tulikunywa chai Nakuru, tukakuta mvua Kericho, na tulipokuwa tukiteremka kuelekea Ahero joto la Kano likaingia dirishani, nikavua koti la Minnesota nikalikalia.

Nyumbani ndipo mizani iliponipa usiku mbaya. Lile sanduku jeusi sikulifungua popote njiani. Kabla ya kulifungua nikataka kulipima tena, kiburi tu cha mtu mwenye mizani mpya. Mzee akashika upande mmoja wa ufagio, mimi mwingine. 22.40. Tukarudia. 22.40. Kule liliondoka na 22.50. Kwa maana nyingine gramu 100 zilikuwa zimetoka ndani ya sanduku lenye kufuli.

Sote tumesikia hadithi za masanduku kufunguliwa viwanjani. Nilimwaga kila kitu kwenye mkeka saa nne usiku, nikatoa orodha aliyoandika binti, nikahesabu hadi soksi. Vitamini za shemeji zipo. Soksi jozi kumi na mbili zipo. Chupa ya mafuta ya nywele ipo na haijavuja. Mzee akaniambia tulale, nikamwambia alale yeye.

Jumapili akaja mpwa wangu kuchukua viatu vyake, hivyohivyo vilivyotaka kubaki Minnesota. Anafundisha fizikia shule moja huko upande wa Maseno. Nikamweleza, akaanza kucheka kabla sijamaliza.

"Shangazi, hakuna aliyeiba. Ni dunia."

Alinieleza hivi, nami nakueleza nilivyomwelewa. Mizani ya aina hii haipimi kitu chenyewe. Inapima nguvu ambayo dunia inakivuta kwayo. Dunia si duara kamili, imevimba kiunoni, na inazunguka. Aliye kwenye ikweta yuko mbali kidogo zaidi na kitovu cha dunia, na mzunguko nao unampunguzia uzito kidogo. Minneapolis iko kama nyuzi 45 kaskazini. Kisumu tuko karibu kabisa na mstari. Kwa kweli mstari wenyewe unapita Maseno, pale kwenye alama ya barabarani wageni wanaposimama kupiga picha. Akachukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya orodha ya binti: sanduku la kilo 22.5 likitoka kule likaja huku, mizani ileile inapaswa kusoma pungufu ya gramu sitini na kitu.

"Na hizo nyingine arobaini?"

"Hizo ni dola 12, shangazi."

Akaongeza jambo ambalo nimelipenda kuliko yote. Ile mizani ya zamani ya dukani, ya sahani mbili na mawe, huwezi kuichezea hivyo. Sukari ikipungua kuvutwa, jiwe nalo linapungua vilevile upande wa pili, kwa hivyo kilo ya Maseno na kilo ya Minnesota zinabaki kilo. Nilinunua sukari kwa mizani ya mawe utotoni mwangu wote Kakamega, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba chombo kile kilikuwa na akili kiasi hicho.

Baada ya hapo ningeiweka kabatini. Badala yake nikaipeleka kununua samaki.

Sitataja soko. Nilichagua kipande cha mbuta, muuzaji akakipima, akasema kilo mbili. Nikalipa, kisha nikautundika mfuko kwenye ndoano yangu, hapo hapo mbele yake, jambo ambalo sasa naona halikuwa na adabu. 1.80. Na hesabu ya mpwa nilikuwa nayo kichwani: kwenye kilo mbili ikweta haiwezi kula zaidi ya gramu sita.

"Mama, hiyo ni ya masanduku," akasema. "Ina muhuri?"

Hapo alinishika. Sheria ya vipimo, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri, na yangu haina muhuri wowote. Yake ilikuwa nao, ingawa ulikuwa chini ya magamba ya tangu alfajiri. Nikaenda duka la jirani nikarudi na pakiti ya unga ya kilo mbili, ambayo imefungwa kiwandani na haina ugomvi na mtu. Kwangu ikasoma 2.00. Akaiweka kwenye sahani yake, mshale ukapita mbili ukaendelea kidogo. Wanawake wa meza za jirani wakanyamaza wote kwa pamoja. Yeye hakusema neno. Akainama, akageuza kiskurubu fulani chini ya sahani, akafuta magamba, kisha akatia ngege mmoja mdogo kwenye mfuko wangu.

"Nyongeza, mwalimu."

Tunasalimiana bado, na sasa ananikatia vizuri. Lakini nilipopita wiki iliyofuata nilisikia mmoja akisema, "Mizani huyo anakuja," na si jina nililotaka kustaafu nalo. Kama una mtu wako wa samaki wa miaka mingi, iache nyumbani. Kwa omena haikusaidii hata hivyo. Omena ni gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na mambo ya gorogoro yako kwenye kitako chake kilichobonyezwa, si kwenye kilo.

Kasoro nyingine ni ndogo ndogo. Kidirisha hakina taa, na stima ikipotea, kama inavyopotea, unapima kwa tochi ya simu ukiwa huna mkono wa tatu. Kitu chepesi inakidharau: pakiti ya majani ya chai ya gramu 250 mara inasoma 0.20, mara haisomi kabisa, kwa hivyo jikoni haina kazi kwa viungo wala kwa keki. Kifuniko cha betri kimefungwa kwa skurubu ndogo kama punje ya mtama, kisu cha mezani hakiingii. Betri yenyewe ni ile bapa ya duara, CR2032, na mafundi wa saa mjini wanayo; fundi huyohuyo ana bisibisi inayofaa, mwache abadilishe yeye.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa ajili ya kile kijikaratasi, ambacho kingeniambia mapema habari za pauni kama kingeandikwa kwa herufi ambazo mtu anaweza kuziona.

Binti alinipigia juzi. Kule walikuwa wameanza kuwasha mashine ya joto. Mtoto alipelekwa kwa daktari, akapimwa kwa pauni, na binti akanitajia namba. Nilibadilisha kwenye karatasi nikiwa bado namsikiliza.

Jirani wa nyumba ya pili, ambaye mwanawe anakwenda kazini Qatar mwezi ujao, amekuja jana kuiazima. Nimempa pamoja na ufagio.